Nichague React, Vue au Svelte? Jibu kwa kijana wa Nyakato anayejenga programu ya wauza dagaa

Swali kutoka kwa msomaji wa Nyakato, Mwanza: "Shikamoo mwalimu. Najua HTML na CSS vizuri, PHP kiasi, na JavaScript niliyojifunza mwenyewe. Kikundi cha akina mama wanaouza dagaa na samaki mwaloni Kirumba kimeniomba programu ya kwenye kivinjari. Mteja aone bei ya leo na aagize. Wanaoleta mzigo kutoka Ukerewe na Ukara watangulize taarifa ya magunia yanayokuja. Akina mama wenyewe waone oda na jumla ya fedha. Watumiaji wengi wana simu za bei nafuu na bando dogo. Rafiki yangu mmoja anasema bila React napoteza muda, mwingine anasema Vue, mwingine Svelte. Nichague ipi? Na hii habari ya kujenga kwa komponenti, faida yake hasa ni nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Nikupe jibu kwanza, sababu zifuate. Ukurasa wa bei ya leo usiuwekee fremuweki yoyote, yaani msimbo ulioandikwa tayari wa kujengea kurasa, kama hizo React, Vue na Svelte. PHP yako itoe HTML iliyo tayari, basi. Ukurasa wa kuagizia, wa taarifa za mzigo, na ule wa akina mama kuangalia oda, ujenge kwa Vue. React utajifunza baadaye ukitaka kuajiriwa, na haitakusumbua, kwa kuwa utakuwa umeshaelewa jinsi fremuweki hizi zinavyofanya kazi ndani. Kuelewa huko kunaanzia kwenye swali lako la pili, kwa hiyo nianze nalo.

Siku moja ukiwa Mwaloni, simama karibu na mizani ya mshale uiangalie. Mama anaweka samaki kwenye sahani, mshale unapanda. Anaondoa mmoja, mshale unashuka. Hakuna anayesogeza mshale kwa kidole, na akionekana mtu anafanya hivyo, kila aliyesimama pale anajua anaibiwa. Fremuweki zote tatu ulizozitaja zimejengwa juu ya wazo hilo. Kuna hali, yaani data uliyonayo sasa hivi: samaki gani wapo, mteja amechagua ndoo ngapi, amefungua fomu au bado. Halafu kuna skrini. Hali ndiyo samaki kwenye sahani, skrini ndiyo mshale. Wewe unaeleza mara moja tu skrini iwe vipi kwa kila hali, kisha kazi yako inabaki kubadilisha hali. Mshale unajisogeza.

Zamani tulikuwa tunausogeza kwa kidole. jQuery, maktaba ya JavaScript ya John Resig, ilipotoka mwaka 2006 ilituokoa sana, maana vivinjari vya wakati ule vilikuwa havielewani. Lakini ilikuachia wewe kazi ya kukumbuka kila kitu. Mteja akiongeza ndoo moja ya dagaa kwenye oda, ulitakiwa uandike: tafuta mstari wa dagaa ubadilishe idadi, tafuta jumla chini ya ukurasa uibadilishe, tafuta namba iliyo kwenye alama ya kikapu pale juu uibadilishe nayo, na kama kikapu kilikuwa tupu, ondoa maneno "Hujaagiza kitu". Sehemu nne kwa tendo moja. Akifuta ndoo hiyo, unaziandika tena zote nne kinyume chake. Yakija mapunguzo kwa wanaonunua magunia kumi, unarudi kote huko kuongeza sehemu ya tano. Ukisahau moja, skrini inasema uongo: kikapu kinaonyesha 3 na orodha ina 2. Nimetumia usiku mwingi kutafuta makosa ya aina hiyo, na karibu yote yalikuwa ni sehemu moja iliyosahaulika.

React ilianzia Facebook, mikononi mwa Jordan Walke. Ilitumika humo ndani kuanzia 2011, Instagram ikafuata 2012, na Mei 2013 ikatolewa kwa umma. Wengi hawakuipokea vizuri. Tulikuwa tumefundishwa kwamba HTML ikae faili lake na JavaScript faili lake, na hawa wakaja na HTML iliyoandikwa katikati ya JavaScript. Hoja yao ilikuwa kwamba tumekuwa tukitenganisha kwa lugha badala ya kutenganisha kwa kazi. Mstari wa samaki kwenye orodha yako, wenye jina, bei, kisanduku cha idadi na kitufe cha kuagiza, ni kitu kimoja, hata kama ndani yake mna lugha tatu. Ukitaka kuurekebisha, unataka kila kinachouhusu kikae mahali pamoja. Hicho ndicho komponenti: kipande cha skrini chenye muonekano wake na akili yake, unachoweza kukipa data na kukitumia tena popote. Mimi nakubaliana na hoja hiyo kabisa.

Nikuonyeshe faida yake kwa kitu kidogo ambacho utakutana nacho wiki ya kwanza, yaani saa. Boti inafika Kirumba saa 12 asubuhi. Kwenye kompyuta hiyo ni 6:00, na kama seva yako inatunza muda wa UTC, ule wa kimataifa ulio nyuma yetu kwa saa tatu, humo imeandikwa 3:00. Ukionyesha "6:00" kwa mama wa Kirumba, ataweza kuisoma saa 6, akaenda mchana kukuta mzigo umeshachukuliwa. Kwa hiyo tengeneza komponenti moja, iite Saa, ambayo inapewa muda na kurudisha maneno. Ndani yake hesabu ni fupi: chukua saa ya kompyuta kwa muda wa Afrika Mashariki, ongeza 6, gawa kwa 12 uchukue baki, na baki likiwa 0 andika 12. Saa 20 inakuwa 26, baki 2, kwa hiyo saa 2. Kisha ichague yenyewe neno asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri. Utaitumia kwenye orodha ya mizigo, kwenye oda, kwenye risiti, kwenye ukurasa wa akina mama. Siku wakikwambia kwamba saa 11 wanaiita alfajiri na wewe umeandika usiku, unarekebisha faili moja na kurasa zote zinarekebika.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko jina la fremuweki. Kila unapokata ukurasa kuwa komponenti, jiulize: taarifa hii ni ya nani? Kisanduku cha idadi kinaonekana ni mali ya mstari wa samaki. Lakini jumla chini inaihitaji idadi hiyo, na alama ya kikapu juu inaihitaji pia. Basi idadi si mali ya mstari. Ni mali ya komponenti iliyo juu yao wote, ambayo inaishusha kwa kila mmoja. Mstari ukibofywa, haubadilishi idadi wenyewe. Unatuma habari juu: "huyu ameongeza moja." Mwenye mali anabadilisha, na data mpya inashuka tena. Data inashuka, habari zinapanda. Kanuni hiyo ni ile ile kwenye React, Vue na Svelte.

Na usitunze kitu unachoweza kukihesabu. Jumla ya fedha usiiweke kama hali yake peke yake, maana siku moja utabadilisha idadi na kusahau jumla, na hapo umerudi kusogeza mshale kwa kidole ukiwa ndani ya fremuweki ya kisasa. Tunza bei na idadi tu. Jumla ihesabiwe kutoka humo kila mara. Vue ina njia maalumu ya hilo inayoitwa computed, na kwenye React unaihesabu tu ndani ya funksheni ya komponenti. Ninaposoma kazi za vijana, kosa la kutunza jumla pembeni ndilo nalikuta mara nyingi kuliko jingine lolote.

Kuna kosa la pili, na hili liliwahi kuniumiza mwenyewe. Nilikuwa nimemtengenezea mfanyabiashara mmoja wa samaki ukurasa wa kuandika bei za siku. Orodha ilikuwa na mistari, kila mstari jina la samaki na kisanduku cha bei, na samaki aliyeingizwa karibuni alikuwa anakaa juu. Karani akaandika 9,500 kwenye mstari wa kwanza, wa sangara, bila kubofya kuhifadhi. Muda huo huo mwenzake kwenye simu nyingine akaingiza kamongo. Orodha ikajisasisha, kamongo akakaa juu, na ile 9,500 ikabaki mstari wa kwanza, sasa ikiwa mbele ya kamongo. Karani hakuangalia jina tena, akabofya. Waliuza kamongo kwa bei ya sangara mpaka mchana.

Sababu yake ni hii. Orodha inapobadilika, fremuweki inalinganisha ya zamani na mpya ili iguse vile tu vilivyobadilika. Usipoiambia mstari upi ni upi, inahesabu kwa nafasi: mstari wa kwanza ni ule ule wa kwanza, ila jina limebadilika. Inabadilisha jina na kuacha kisanduku na maandishi yake kilipo. Mimi nilikuwa nimeipa kila mstari namba ya nafasi yake kama utambulisho, ambayo ni sawa na kutoipa kitu. Dawa ni kuupa kila mstari utambulisho unaotoka kwenye data yenyewe, ambao haubadiliki samaki akihama nafasi. Kwenye Vue inaandikwa hivi:

`<MstariWaSamaki v-for="s in samaki" :key="s.id" :samaki="s" />`

Hiyo id ndiyo namba ya samaki kwenye hifadhidata. React nayo ina key yake, Svelte inayo, na zote zitakutesa usipoiweka ipasavyo. Ukikosea hapa programu haianguki wala haitoi kelele. Inafanya kazi vizuri kabisa siku nzima unayoijaribu peke yako mezani.

Tuje kwenye simu za wateja wako. React pamoja na sehemu yake ya kivinjari ni zaidi ya kilobaiti 40 baada ya kubanwa. Vue ikipunguzwa mpaka kwenye kiini chake ni kama kilobaiti 16. Preact, ambayo Jason Miller aliiandika kwa kufuata mtindo wa React, ni kama 3. Svelte ya Rich Harris, iliyotoka 2016, ilikuja na njia tofauti: kazi kubwa inafanywa na kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo, kwenye kompyuta yako kabla ya programu kumfikia mteja, kwa hiyo kwa programu ndogo simu inapokea msimbo mdogo mno.

Utaniambia picha moja ya sangara iliyopigwa kwa simu na kupandishwa bila kubanwa inazidi fremuweki hizi zote zikiwekwa pamoja. Ni kweli, na picha hizo zibane leo leo. Lakini kilobaiti ya JavaScript ni nzito kuliko kilobaiti ya picha. Picha ikifika inafunguliwa na kuchorwa. JavaScript ikifika, simu inatakiwa iisome, iitafsiri, kisha iitekeleze, na wakati inafanya hivyo mteja akigusa kitufe hakuna kinachotokea. Kwenye kompyuta yako ni kufumba na kufumbua. Kwenye simu ya bei nafuu yenye programu nyingine zimefunguka, mteja anagusa mara tatu akidhani imegoma, na pengine ameagiza mara tatu.

Ndiyo maana nilisema ukurasa wa bei usiuwekee fremuweki. Mtu aliyeko Shinyanga anayetaka tu kujua ndoo ya dagaa leo ni shilingi ngapi hahitaji hali wala komponenti. Anahitaji maandishi yafike. Kuna hata mtindo wa kujenga unaoitwa usanifu wa visiwa, na zana ya Astro imeufanya ujulikane: ukurasa wote ni HTML tuli, na JavaScript inawekwa kwenye vipande vichache tu vinavyohitaji kuitikia, kama visiwa katikati ya maji. Huhitaji Astro kwa kazi hii, kwa sababu PHP na Vue vinakupa jambo hilo hilo. Kwenye ukurasa uliopo unaweka tagi moja ya script, unaionyesha Vue kipande chake cha ukurasa, na sehemu nyingine zote hazijui kama Vue ipo. Evan You, aliyeitoa Vue mwaka 2014 baada ya kufanya kazi Google na fremuweki yao ya AngularJS, aliitengeneza tangu mwanzo iweze kuingia polepole namna hiyo. Kwa mtu anayetoka kwenye HTML kama wewe, faili la Vue linasomeka: kuna sehemu ya HTML, ya msimbo, ya mtindo. Ukishazoea, hamia Vite, zana ya kuandaa msimbo kabla haujaenda kwa mteja, ambayo Evan You huyo huyo aliitoa 2020. Vue iliyojengwa kwa Vite ni nyepesi kuliko ile ya tagi, kwa sababu haibebi kompaila mpaka kwenye simu ya mteja.

Kwa nini si Svelte, wakati ndiyo nyepesi? Kwa sababu utafanya kazi hii karibu peke yako, na ukikwama saa 5 usiku unahitaji majibu ya waliokwama kabla yako. Kwa React na Vue ni mengi, kwa Svelte ni machache zaidi. Ungekuwa na mwenzako anayeijua, ningekushauri uichukue.

Taarifa za mzigo kutoka visiwani zina shida ambayo hakuna fremuweki itakayokutatulia: mtandao unaokatika. Mtu wa Ukara anajaza magunia 20, anabofya, mtandao unapotea. Hifadhi taarifa hiyo kwenye simu kwanza, ndani ya hifadhidata ya kivinjari iitwayo IndexedDB, halafu itume mtandao ukirudi. Na kila taarifa ipewe namba ya kipekee pale pale kwenye simu, kabla ya kutumwa. Seva ikiona namba ambayo imeshaipokea, isiiandike mara ya pili. Bila hiyo, magunia 20 yatakuwa 40 na mama atamwahidi mteja mzigo usiokuwepo.

Kitu kingine ambacho wengi wanakisahau kwenye komponenti za orodha ni siku ambayo orodha ni tupu. Wewe ni wa Mwanza, unajua wakati wa mbalamwezi dagaa wanaadimika, maana wanavuliwa kwa taa gizani. Siku hizo orodha yako ya dagaa itakuwa tupu kwa haki. Lakini orodha pia ni tupu wakati data bado inakuja, na ni tupu mtandao ukikatika. Skrini nyeupe kwa zote tatu inamfanya mteja adhani programu imekufa. Komponenti ya orodha iwe na sura nne tangu siku ya kwanza: "Inatafuta bei", "Hakuna dagaa leo, tunatarajia mzigo giza likirudi", "Mtandao umekatika, hizi ni bei za jana saa 10 jioni", na orodha yenyewe. Hiyo ya tatu, kuonyesha bei ya zamani ukitaja ni ya lini, ina msaada mkubwa kwa mfanyabiashara kuliko ujumbe wowote wa kuomba radhi.

Rafiki yako wa React hajakosea kuhusu ajira. Matangazo mengi ya kazi yanaitaja, na yapo mambo ambayo React inayafanya vizuri sana kwenye timu kubwa. Ila asikutishe kwamba umechelewa. AngularJS ya Google, iliyotoka 2010, ilikuwa ndiyo kila mtu anaambiwa ajifunze. Mwaka 2016 ikaja Angular mpya iliyo tofauti kabisa, na kufikia mwisho wa 2021 msaada wa ile ya zamani ulikoma. Waliokuwa na mifumo mikubwa waliiandika upya. Vue 2 nayo msaada wake uliisha tarehe 31 Desemba 2023, na ingawa kuhamia Vue 3 kulikuwa kwepesi zaidi, ilikuwa kazi. Kwa hiyo hesabu za biashara usizizike ndani ya komponenti. Punguzo la magunia kumi, hesabu ya saa za Kiswahili, ukaguzi wa namba ya simu, viweke kwenye mafaili ya JavaScript ya kawaida, na komponenti ziviite. Siku ya kuhama fremuweki, hivyo vinahama bila kuguswa.

Usianze kwa kuandika msimbo. Chukua karatasi, chora zile kurasa zako tatu za Vue, zungushia duara kila kipande, na ndani ya kila duara andika taarifa inayomilikiwa hapo. Mpelekee mmoja wa akina mama akuambie ni nini anachokitazama kwanza asubuhi. Hicho ndicho kiwe juu. Kisha jenga orodha ya samaki na kisanduku cha idadi tu, na ukimaliza omba simu ya yule mwenye simu chakavu kuliko wote kwenye kikundi. Andika idadi kwenye mstari wa pili, mwambie mwenzako aingize samaki mpya juu ya orodha, kisha uangalie idadi yako imebaki mbele ya samaki gani.